Sala ya Mwenye Hisa Kumi na Moja

Kuna nchi moja ambayo sitaitaja jina, kwa sababu sheria yake inakataza jina hilo kutajwa bila kibali, na ofisa anayetoa vibali amesafiri kikazi tangu mwaka juzi. Ni nchi nzuri. Ina amani, ina mabango mengi, na ina mkoa uitwao Kati Pembeni, ambao ndio wangu. Haya ninayaandika kwa moyo mweupe, bila nia ya kumsema mtu. Kabla ya kushika kalamu nimepiga magoti, na Mungu akinisaidia nitayasema kama yalivyokuwa.

Mimi naitwa Yusta Kalinga. Ni mjane, mkulima wa viazi, na mwanahisa wa Kampuni ya Picha ya Mkoa wa Kati Pembeni.

Uanahisa ulinifikia nyumbani. Serikali iliamua kwamba kila mkoa uwe na kampuni yake ya kutengeneza vipindi vya televisheni, ili wananchi wajione. Kabla ya hapo tulikuwa tunajiona kwenye kioo na kwenye maji ya ndoo, jambo ambalo Waziri wa Picha na Sauti alisema halina tija. Ili kampuni ianze, ulihitajika mnara. Asubuhi moja wakaja watu wenye kofia ngumu, wakauangusha mkaratusi wangu, wakaupima ukiwa umelala, kisha wakanipa mkono.

"Hongera mama," wakasema. "Umewekeza."

Mti ulikuwa na mita kumi na moja, kwa hiyo nikapewa hisa kumi na moja. Jirani yangu Mzee Kandonga alikatiwa mpera wa mita mbili, akapata hisa mbili. Alilalamika kwamba mpera ule ulikuwa unazaa. Wakamwambia hisa nazo huzaa. Mpaka leo hazijazaa, ila kila Januari tunapewa kalenda yenye picha ya Mkurugenzi Mkuu miezi yote kumi na miwili, Desemba akiwa amevaa miwani.

*

Tangu kuanzishwa, kampuni yetu imekuwa ikitengeneza tamthilia moja iitwayo Mapenzi Makao Makuu. Inamhusu kijana wa ofisi ya mkoa anayempenda binti wa masjala. Katika sehemu ya kwanza kijana anapiga goti ili amwombe binti uchumba. Hadi mwaka huu, sehemu ya mia mbili na kumi, alikuwa bado amepiga goti.

Watu wa nchi nyingine hudhani tamthilia hutengenezwa kwa kuwasha kamera na waigizaji kuigiza. Huo ni uholela. Kwetu hakuna tukio linaloweza kupigwa picha kabla halijafunguliwa rasmi. Kila tukio lina mgeni rasmi, utepe na mkasi juu ya sinia. Mhusika akitakiwa kunywa chai, mgeni rasmi huifungua ile chai. Akitakiwa kulia, mgeni rasmi hutoa hotuba kuhusu mchango wa machozi katika maendeleo. Na kwa kuwa ni utovu wa adabu kuzima kamera wakati kiongozi anaongea, betri huisha akiwa bado anawatambua waliohudhuria. Waigizaji hurudi makwao. Kesho yake huanza upya, kwa sababu ufunguzi wa jana umeshapitwa na wakati.

Tulikuwa tunaitazama katika ofisi ya kata, kwenye televisheni iliyofungiwa ndani ya wavu wa chuma kama kuku wa mtu.

"Leo atamjibu," Mzee Kandonga alikuwa akisema kila Alhamisi.

"Nani, binti? Binti mwenyewe ameshaolewa na fundi cherehani, ana watoto wawili," mama mmoja akamwambia. "Nilimwona sokoni."

"Na yule kijana?"

"Goti linamsumbua. Anatumia dawa ya kuchua."

Halafu Mkuu wa Wilaya akaonekana kwenye kioo akikata utepe mbele ya lile goti, na sote tukapiga makofi, maana karani wa kata huandika majina ya wasiopiga.

*

Sasa nieleze jambo lililoniingiza katika mambo makubwa kuliko mimi.

Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akinisomea Zaburi. Alipofariki, Biblia ilikaa imefungwa miaka miwili juu ya kabati, nikawa naifuta vumbi tu. Nikiwa na miaka hamsini na saba nikajiandikisha katika Jengo la Elimu ya Watu Wazima: vyumba viwili vya matofali, milango miwili, dirisha moja lisilo na kioo, bati kumi na sita. Masomo huanza saa kumi na moja jioni, tukishatoka shamba. Mwalimu wetu anaitwa Atupele, dada mpole wa umri wa binti yangu, anayetuita "wanangu" akisahau, na sisi tunaitikia.

Mwaka huu nilikuwa nimebakiza mtihani wa mwisho. Nilitaka cheti kwa sababu moja tu. Kanisani kwetu, kufuatana na waraka wa serikali kuhusu ubora wa huduma, somo la Jumapili husomwa mbele na mwenye cheti. Zaburi nilikuwa nimeshaweza kuisoma chumbani. Nilitaka niisome pale mbele, alipokuwa akisimama mume wangu, mara moja kabla sijamfuata.

Wiki tatu kabla ya mtihani tulikuta bango limesimikwa mlangoni. Mwalimu Atupele hapotezi nafasi ya kufundisha.

"Mzee Kandonga, tusomee."

Mzee Kandonga akaweka kidole juu ya herufi. "Hapa... ndipo... u-ji-nga... u-ta-ka-po-bo-mo-le-wa. Mgeni... rasmi... Waziri."

"Vizuri sana," akasema Mwalimu. Kisha akakaa chini kwenye ngazi.

Mambo yalikuwa hivi. Waziri alikuwa amepata habari kwamba watu wamechoka na tamthilia, akaagiza imalizwe kwa tukio kubwa. Waandishi wakatunga tukio liitwalo Kubomolewa kwa Ujinga: tingatinga linabomoa nyumba ya ujinga, watu wanashangilia, jua linachomoza. Ikatafutwa nyumba ya ujinga mkoa mzima. Wataalamu wakapima kwa takwimu, wakagundua kuna jengo moja tu ambalo wasiojua kusoma huingia kwa hiari yao, thelathini na wawili, kila siku ya kazi. Waliokuwa wanatoka wanajua kusoma hawakuhesabiwa, kwa sababu hesabu ilifanyika saa ya kuingia.

Na Baraza la Mitihani la nchi ile lina kanuni yake: mtahiniwa hufanyia mtihani katika jengo alilojiandikisha. Jengo lisipokuwepo, huhesabiwa kwamba hakuwahi kusoma.

*

Nilikwenda kwa Mkurugenzi Mkuu, Dakta Erasto Mbwilo. Udaktari wake ni wa heshima, alitunukiwa na chuo ambacho mwenyekiti wake ni yeye. Kwa umri ni sawa na mwanangu wa kwanza, lakini ofisini kwake shikamoo hufuata cheo, basi nikampa.

"Marahaba, mama. Una hisa ngapi?"

"Kumi na moja, Mheshimiwa."

"Kumi na moja!" Akamgeukia katibu wa kampuni, Bwana Lugendo, aliyekuwa akiandika kila neno tunalosema. "Unaona mwamko wa wananchi?"

"Mheshimiwa, lile jengo ni shule yetu. Tuna mtihani."

"Mama yangu, unapinga ujinga kubomolewa?"

"Sipingi, Mheshimiwa. Ila sisi ndio tulikuwa tunaubomoa, pole pole, kuanzia saa kumi na moja."

Akacheka kwa upendo. "Pole pole haionekani kwenye kamera, mama. Sisi tunataka vumbi."

"Basi naomba niseme kwenye mkutano mkuu wa wanahisa."

Bwana Lugendo akafunua kijitabu cha kanuni. Ili mwanahisa aseme mkutanoni ni lazima awe na hisa mia moja. Nikafikiria. Mkoa wetu hauna mti wa mita mia moja, wala sijasikia nchi yenye mti huo.

"Lakini usidhani tumewasahau," Dakta akasema. "Sheria inataka wanahisa wadogo washirikishwe. Katika ratiba, namba moja ni sala. Mwaka jana alisali Mzee wa kule bondeni, akamaliza kwa dakika moja, safi kabisa. Mwaka huu salini ninyi. Mama, unajua kusali?"

"Najaribu, Mheshimiwa."

"Safi. Mpe kile kijitabu, Lugendo, akapambie nyumba."

*

Sikupamba nyumba. Darasani tulikuwa na uhaba wa vitabu, hivyo nikampa Mwalimu, na kwa wiki mbili kijitabu cha kanuni kikawa kitabu chetu cha kusoma kwa sauti. Nadhani tulikuwa watu wa kwanza kukisoma, kwa sababu kurasa zilikuwa bado zimeshikana. Mzee Kandonga ndiye aliyeangukiwa na kanuni ya tisa: jambo lolote litakalotamkwa mkutanoni na kuitikiwa na wajumbe wote kwa sauti moja litahesabiwa kuwa azimio, na litatekelezwa. Mwalimu alituambia iliwekwa na Dakta Mbwilo mwenyewe, ili mapendekezo yake yapite haraka kabla chakula hakijapoa.

"Jambo lolote," Mzee Kandonga akarudia, kidole kikiwa palepale. Akaniangalia.

"Mzee, endelea na kanuni ya kumi," nikamwambia.

Wiki hiyohiyo tulikuwa tunajifunza barua rasmi. Ndiyo maana sala niliyoiandaa ilikuwa na kichwa cha habari. Usiku wa kuamkia mkutano nilimwuliza Mungu kama ni dhambi kumweleza shida zangu mbele ya watu wanaohusika nazo. Sikusikia katazo lolote. Na mimi kwa miaka yote sijawahi kumficha neno, sikuona kwa nini nianze mbele ya Waziri.

*

Mkutano ulifanyika katika studio ya kampuni, chini ya mkaratusi wangu, ambao sasa ndio mnara. Waziri alikuwepo na mkasi wake. Kamera zilikuwa tatu, zikirusha moja kwa moja mkoa mzima, betri zote zikiwa mpya. Wanahisa wakubwa, wote saba, walikaa kwenye makochi. Sisi wadogo tulisimama nyuma ya kamba.

Mshereheshaji akatangaza, "Tusimame kwa sala! Karibu, mama. Kwa ufupi, mama."

Nikafumba macho.

"Baba yetu uliye mbinguni. Yah: Ombi la Kutobomolewa kwa Jengo la Elimu ya Watu Wazima. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Kwanza nakushukuru kwa afya ya mtumishi wako Dakta Mbwilo."

"Amina!" Sauti ya Dakta ilizidi zote.

"Umzidishie miaka, umwongezee na kiti."

"Amina!"

"Umwepushe na aibu ya kuonekana kwenye televisheni akibomoa shule ya wajane na wazee."

Hapo pakapita kimya kidogo. Waziri, kama viongozi wengi wenye majukumu, huwa hasikilizi sala, lakini anajua zamu yake kwa ule mnyamazo.

"Amina!" akasema Waziri.

Waziri akishasema, nani abaki? "Amina!" wakaitikia makochi yote saba.

"Kuta za jengo lile zisiguswe, Baba."

"Amina!"

"Na milango yake miwili."

"Amina!" wakaitikia wote, na aliyewazidi alikuwa Mzee Kandonga, nyuma ya kamba, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Na ubao. Na sakafu. Na dirisha, ingawa halina kioo."

"Amina!"

"Mama, kwa ufupi," mshereheshaji akaninong'oneza.

"Mjalie pia mshereheshaji huyu subira."

"Amina!" wakasema, na wengine wakacheka, maana wanamjua.

Nikahisi Dakta Mbwilo anasogea. Viatu vyake vilikuwa vinalia kwenye zulia. Lakini kamera ilikuwa inatazama, na katika nchi ile hakuna aliyewahi kuonekana kwenye televisheni akimkatiza mtu anayeongea na Mungu.

"Tena nakuomba, Baba, kwa ajili ya kijana aliyepiga goti miaka sita. Hotuba za ufunguzi zisizidi tena uhai wa betri, ili binti apate nafasi ya kumjibu."

Nilisikia kwikwi upande wa waigizaji. Kisha ikaja Amina ambayo haikutoka studio peke yake. Baadaye nilielezwa kwamba ofisi zote za kata, mbele ya nyavu zote za chuma, watu walikuwa wamesimama wakiitikia.

"Ni mimi mtiifu wako, Yusta Kalinga, mwanahisa. Amina."

*

Waziri alikuwa ameshashika mkasi pale Bwana Lugendo alipoinua mkono. Huyu ni mtu wa taratibu. Nasikia hata nyumbani kwake chakula hakiliwi mpaka muhtasari wa mlo uliopita upitishwe.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla hatujaendelea, niweke kumbukumbu sawa. Tumepitisha maazimio manane."

"Manane gani?" Dakta akauliza. "Mkutano haujaanza!"

"Kwa kanuni ya tisa, Mheshimiwa. La kwanza, shukrani kwa afya yako. La pili, miaka yako pamoja na kiti. La tatu, kukuepusha na aibu ya kubo..."

"Lugendo! Ile ilikuwa sala!"

"Kanuni inasema jambo lolote, Mheshimiwa. Na sala ni namba moja katika ratiba uliyoisaini."

"Basi ifutwe!"

Bwana Lugendo akafunua kurasa. "Kuifuta inawezekana. Kila mjumbe atasimama mbele ya kamera na kutamka kwamba anaiondoa Amina yake. Tungeanza na mgeni rasmi."

Studio nzima ikamwangalia Waziri. Waziri akaangalia dari, akaangalia kamera, akauweka mkasi kwenye sinia.

"Mimi Amina yangu siiondoi," akasema. "Mwakani kuna uchaguzi."

"Mheshimiwa, lakini tingatinga tayari..."

"Dakta, kaa. Umeombewa kiti, kikalie."

Siku ile ile wakalipiga picha tukio la posa, kwa kuwa azimio halingoji. Hotuba ilichukua dakika moja, betri ikabaki imejaa. Kijana akasema maneno yake aliyoyatunza miaka sita. Binti akamtazama muda mrefu.

"Kaka yangu," akamwambia, "inuka. Umechelewa."

Sina hakika kama hayo yalikuwa kwenye mswada. Tamthilia ikaisha hapo. Alhamisi ilipoonyeshwa, Mzee Kandonga alilia ofisi ya kata, na safari hii karani hakuandika jina la mtu.

*

Jumatatu nilifika darasani mapema nikiwa na ufagio. Kuta zilikuwepo. Milango miwili ilikuwepo. Ubao, sakafu na dirisha, vyote vilikuwepo. Juu yake kulikuwa na mbingu.

Bwana Lugendo alikuwa amesimama mlangoni na jalada kwapani, uso umemwiva kwa aibu.

"Bati zimekwenda wapi, baba?" nikamwuliza.

"Kwenye jukwaa jipya la mgeni rasmi, mama. Lilikuwa halina kivuli." Akafungua jalada. "Nimeipitia sala yako mara nne, nikitafuta. Kuta zipo. Dirisha lipo, hata ukasema halina kioo. Bati hukuzitaja, mama."

Hakunidanganya. Sikuzitaja. Miaka mitatu nimekaa chini yake nikisoma, wala sikuwahi kuinua macho.

Baraza la Mitihani lilituma mkaguzi. Akagonga ukuta, akafungua mlango, akaufunga, akaandika kwamba jengo lipo. Mtihani tukaufanya tumejifunika mifuko ya mbolea, kwa sababu manyunyu yalianza katikati ya Hisabati. Swali la insha lilisema: eleza faida tano za televisheni katika mkoa wako. Niliandika nne kwa taabu. Ya tano niliacha nafasi wazi, na mvua ikaijaza.

Nilifaulu. Tulifaulu ishirini na tisa kati ya thelathini na wawili, na Mzee Kandonga akapata alama kubwa kuliko wote katika kusoma kanuni. Jumapili ya pili baada ya matokeo nilisimama pale mbele, nikaisoma Zaburi ya ishirini na tatu tangu mwanzo hadi mwisho. Sauti ilinikatika mara moja tu, na watu wakaningoja.

Sasa nimepokea barua kutoka kampuni. Inasema kwamba kuanzia mwakani, sala zote za mkutano mkuu ziwasilishwe kwa maandishi siku kumi na nne kabla, nakala tatu, kwa ajili ya kuhakikiwa na wataalamu. Mwanzoni nilihuzunika. Halafu nikaona huruma ya Mungu ndani yake, kwa kuwa mwaka huu nilitegemea kumbukumbu, na mwakani nitakuwa na karatasi. Jioni, chini ya mbingu ile ile, Mwalimu Atupele hunisahihishia. Ukurasa wa kwanza ni bati, zote kumi na sita, moja moja. Wa pili nimeanza misumari.